Alama Ishirini na Nane

"Weka kikapu mezani, wifi," Dada Mkubwa alisema. "Si kwa ubaya. Ni kwa ajili ya amani yetu sote."

Mkamwana alikuwa hata hajavua viatu. Alikuwa ametoka kazini, kwa dobi alikokuwa akifua na kupiga pasi mashuka tangu asubuhi, na ngozi ya vidole vyake ilikuwa bado imekunjamana kwa maji. Alimtazama mumewe. Mumewe, fundi rangi, alikuwa ameinama akikwangua rangi iliyokauka kwenye kucha zake, kwa bidii ya mtu aliyepewa kazi hiyo kwa mkataba.

Akakiweka kikapu mezani. Dada Mkubwa, ambaye kazini alikuwa karani wa shule na nyumbani alikuwa karani wa kila kitu, akatoa kimoja kimoja: kitambaa cha kichwa, chupa ya maji, kitana, nusu mche wa sabuni uliofungwa kwenye gazeti. Sabuni akaifungua, akainusa, akaipima mkononi.

"Humu ndani herini mbili zingekaa vizuri tu."

"Basi ikate," mkamwana alisema. "Kisu kiko jikoni."

"Ikateni!" Sauti ilitoka kwenye kiti cha dirishani. Bi Fundi ndivyo alivyoitwa na kila mtu, maana kwa miaka arobaini alishona sare za shule, na nusu ya watu wazima wa mtaa ule waliwahi kusimama mbele yake wamenyoosha mikono wakipimwa. "Mkono nimeuona kwa macho yangu. Uliingia kwenye mtoto wa meza, ukatoka na herini zangu za dhahabu."

"Mkono wa nani, mama?" aliuliza fundi rangi.

"Mkono. Mikono yote ya nyumba hii naijua. Nimeipima."

Hazikuwa herini peke yake. Ilianza tepu ya kupimia, ukafuata mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa, kisha ufunguo wa kabati. Kila kilichopotea, Bi Fundi alisema kimechukuliwa, na aliyekuwa akiingia na kutoka chumbani mwake kila siku alikuwa mmoja.

Jambo hili mkamwana alikuwa amelikalia kimya kwa muda mrefu.

"Mama anasahau," alisema. "Samahani mama. Jana ameniuliza mara nne kama nimekula."

Dada Mkubwa aliiweka sabuni chini taratibu. "Kumbe mama yetu ni kichaa."

"Sikusema hivyo, wifi."

"Umesema. Sawa, tukampime! Kituo cha afya siku hizi wanapima kumbukumbu za wazee, wana fomu maalumu. Fomu haina wifi wala shemeji. Ikisema mama anasahau, nitakuomba radhi. Ikisema hasahau, wewe utatuambia herini ziko wapi."

Fundi rangi aliinua uso kwa mara ya kwanza. Wazo lile lilimpendeza. Alikuwa amechoka kutakiwa aamue, na sasa ilipatikana karatasi ya kuamua badala yake.

Chumba cha kupimia kilikuwa kile kile cha chanjo. Mlango ulikaa wazi kwa sababu ya joto, na kila aliyepita koridoni alichungulia. Ukutani palikuwa na saa kubwa, na chini yake kalenda ambayo muuguzi mwenyewe aliizungushia duara tarehe ya siku kila asubuhi. Muuguzi huyo, ambaye wagonjwa wote walimwita Sista, alikuwa na sauti laini na moyo laini zaidi. Fomu ile aliletewa miezi miwili iliyopita, akaelekezwa kwa nusu siku, akaachiwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe si mtoto wa yule kinyozi? Sare yako ya darasa la kwanza niliishona mimi. Ulilia nilipokupima kiuno, ukidhani nakufunga kamba."

Sista alicheka. Dada Mkubwa, aliyeketi bega kwa bega na mama yake, naye alicheka. Kipimo kikaanza hivyo.

"Leo ni tarehe ngapi, mama?"

Macho ya Bi Fundi yalitangatanga, yakapanda ukutani, yakatua kwenye lile duara. Akasoma. Sista aliyaona macho yakipanda, akajiambia kwamba hata yeye akiulizwa tarehe hutazama kalenda. Akamtajia maneno matano ayashike: ngazi, sabuni, jani, kofia, ndoo. Baada ya maswali mengine akamwomba ayarudie.

"Ngazi," alisema Bi Fundi. Alivuta ncha ya kitambaa chake, akakikunja, akakikunjua.

"Kile cha kufulia, mama," Sista alinong'ona.

"Sabuni!"

"Eeh. Na cha kuvaa kichwani?"

"Kofia, mwanangu. Unadhani sijui kofia?"

Alipoambiwa achore saa, namba zote alizirundika upande mmoja, kama watu waliokimbilia kivuli. Sista aliona ni mkono wa mzee tu unatetemeka, akampa alama zote. Angefanyaje? Mtu aliyemshonea sare ya kwanza alikuwa anahangaika mbele yake, tena mbele ya bintiye. Kumsaidia kulimjia bila kufikiri, kama kumpisha mzee kiti.

"Ishirini na nane kati ya thelathini," alisema akitabasamu. "Akili ya mama iko timamu."

Dada Mkubwa aliikunja karatasi mara tatu, akaitia kwenye mkoba na kufunga zipu.

"Asante, Sista. Sasa mwizi tumemjua."

Sista alicheka tena, akidhani ni utani wa familia.

Tangu siku hiyo ile karatasi ikawa ndiyo yenye sauti nyumbani. Bi Fundi alipoacha jiko likiwaka hadi sufuria ikaungua, alisema amewasha mwingine, na karatasi ilikuwa upande wake. Alipodai kwamba hajapewa chakula, na sahani chafu iko mbele yake, Dada Mkubwa alisema mtu mwenye alama ishirini na nane hawezi kusahau tumbo lake. Makufuli mawili yalinunuliwa, moja la kabati la vyombo, moja la kabati la nguo. Funguo zilining'inia shingoni mwa Dada Mkubwa, aliyekuja kila jioni kutoka kwake kukagua.

Fundi rangi alimfuata mkewe uani alipokuwa anaanua nguo.

"Niambie mimi tu," alisema kwa sauti ya chini. "Kama uliziweka rehani, nitazikomboa. Yaishe."

"Umeniuliza kama mume wangu au kama mtoto wa mama yako?"

"Nimekuuliza tu."

"Basi nami nimekusikia tu."

Lakini shaka inaambukiza. Mkamwana alianza kukung'uta nguo zake kabla ya kutoka chumbani, kama mtu asiyejiamini mwenyewe. Alipita sebuleni mikono ikiwa nje ya mifuko. Naye pia alianza kuwatazama wenzake: kila wifi yake alipovua kitambaa, alimkagua masikio. Siku moja macho yao yalikutana hapo hapo, masikioni, na wote wawili wakajua walichokuwa wanafanya.

Dada Mkubwa na kaka yake wakampa mkamwana hadi Jumamosi alete herini, la sivyo aondoke "kwa muda, mpaka mioyo itulie." Jumamosi hakuwa na cha kuleta. Alifunga nguo kwenye begi dogo, na mlangoni Dada Mkubwa akamwomba alifungue. Jirani mmoja alikuwa anafagia nje, akafagia mahali pale pale kwa muda mrefu. Mkamwana alikunjua hata soksi. Kisha akaenda kulala kwa mwenzake wa kazini, kwenye mkeka, kati ya kitanda na ndoo.

Wiki hiyo hiyo kituo cha afya kilipata mgeni, mkufunzi wa wauguzi, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba na daftari ambalo hakumwonyesha mtu. Siku ya kwanza alikaa tu pembeni, akitazama wazee wakipimwa na kuandika. Wauguzi wakaanza kunong'ona. Mmoja alisema ametumwa kupunguza watu. Mwingine alisema kaletwa na malalamiko. Sista hakupata usingizi mzuri.

Siku ya pili mkufunzi alimwita kwenye chumba cha chanjo na kufunga mlango.

"Miezi mitatu umepima wazee arobaini na mmoja," alisema. "Hakuna hata mmoja aliyepata chini ya ishirini na tano. Ama wazee wenu wanakula kitu ambacho na mimi nakitaka, ama kuna jambo hatulioni. Nipime mimi."

"Wewe, Mkufunzi?"

"Mimi ni bibi wa miaka sabini na sita. Miwani nimeisahau nyumbani, na sitaki kuaibika."

Sista alianza kwa aibu, lakini mkufunzi alikuwa bibi kwelikweli. Alikwama, akajikuna kichwa, akamtazama Sista kwa macho ya kuomba. Kipimo kilipokwisha akamwambia ajumlishe.

"Ishirini na sita."

"Zangu ni kumi na tano. Nyingine zote ni zako." Alifungua daftari. "Hapa ulinianzia neno. Hapa ulitikisa kichwa kabla sijamaliza kukosea, nikageuza jibu. Hapa niliposhindwa tarehe, wewe mwenyewe uliitazama kalenda, nikafuata macho yako."

"Ni wazee, Mkufunzi. Nitamwachaje mtu wa umri wa bibi yangu anahangaika mbele yangu?"

"Akija ana homa, utamwandikia hana, kwa heshima?"

Sista aliitazama ile ishirini na sita aliyoiandika.

"Heshima itangulize," mkufunzi alisema, sasa kwa upole. "Mpe kiti kizuri. Funga mlango, ndugu wakae nje. Hakikisha miwani iko machoni na masikio yanasikia. Muulize alisoma hadi wapi. Kalenda itoe, saa ifunike. Ukishaanza, sema maneno yaliyoandikwa, kwa mwendo ulioandikwa, halafu ungoje. Kungoja ndiyo kazi ngumu. Mimi mwenyewe nilisaidia wazee hivyo hivyo miaka sita. Nilidhani nina mkono wa baraka."

Lakini Sista alikuwa hamsikii tena. Alikuwa anasikia zipu ya mkoba ikifungwa, na sauti ya mwanamke ikisema sasa mwizi tumemjua. Akasimulia yote.

"Tuwaite," alisema mkufunzi.

"Watasema nimehongwa."

"Watasema. Wewe waite."

Sista alipobisha hodi kwa Bi Fundi jioni, Dada Mkubwa alifungua mlango nusu, akasimama katikati ya ule uwazi.

"Amekupa nini?"

"Nani?" Sista aliuliza.

"Wifi yangu. Anakufulia mashuka bure?"

"Sijawahi hata kumwona, dada. Nimekuja kwa sababu siku ile nilikosea. Nilimsaidia mama kujibu. Namba niliyowapa si yake."

"Kwa hiyo ulitudanganya."

"Sikukusudia. Lakini ndiyo, niliwapa kitu kisicho kweli."

"Mtu anakuja mlangoni kwetu kukiri kwamba juzi kadanganya," Dada Mkubwa alisema, "halafu anataka leo nimwamini. Kwa lipi?"

"Usiniamini," Sista alisema. "Mlete mama. Kutakuwa na mkufunzi chumbani, na siku hiyo atakuwa ananikagua mimi."

"Tutakuja," ilisema sauti kutoka ndani. Ilikuwa ya fundi rangi. Tangu mkewe aondoke, hilo ndilo neno la kwanza alilolitoa katika nyumba ile bila kuulizwa.

Mara hii mlango ulifungwa. Kalenda ilikuwa imetolewa, ikabaki alama nyeupe ukutani, na saa ilikuwa imefunikwa kwa taulo. Maneno ya kukariri yalikuwa mapya. Bi Fundi alivaa miwani yake, na masikio yake yaliangaliwa kwanza. Mkufunzi aliketi pembeni, kimya. Mara moja tu aliinuka, akafungua mlango ghafla, na kumkuta Dada Mkubwa amelaza sikio kwenye ubao.

"Benchi liko kule, dada."

"Najua lilipo," alijibu, akaenda.

"Nitajie yale maneno matano, mama," alisema Sista.

Bi Fundi alifumba macho. "Shati," alisema. Alilitafuta la pili kwa midomo bila sauti. Mikono yake ilipapasa juu ya meza kama inatafuta kitu kilichoanguka. Kisha akafumbua macho, akamwegemea Sista, na kusema polepole ili yule wa pembeni asisikie:

"Nisaidie kidogo, mwanangu. Kama siku ile."

Sista alishika kalamu kwa nguvu hadi vidole vikauma. Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wake, chumvi, neno dogo tu.

"Jibu unaloweza, mama," alisema kama ilivyoandikwa. "Lolote ni sawa."

Akangoja. Nje mtoto alilia, akanyamaza. Bi Fundi alivua miwani, akaifuta kwa kitambaa, akaivaa tena.

"Yamekwenda," alisema.

Alipata kumi na sita.

Mkufunzi aliwaita ndugu wawili ndani na kuwaeleza bila haraka. Namba ile haikuwa jina la ugonjwa. Mama angeonwa na daktari, angepimwa damu, na dawa anazomeza zingeangaliwa.

Dada Mkubwa alikuwa amebana mkoba kifuani. "Kwa hiyo wifi hakuiba."

"Karatasi hii haijui. Na ile ya kwanza haikujua pia. Mliipa kazi isiyo yake."

Sista akachukua fomu nyingine. "Sasa tunahitaji mtu anayemjua mama wa kila siku."

"Mimi ni binti yake wa kwanza," Dada Mkubwa alijibu upesi.

"Vifungo vya nguo anafunga mwenyewe?"

"Bila shaka... Nadhani."

"Anaamka mara ngapi usiku? Alianza lini kurudia maswali?"

Dada Mkubwa alimtazama kaka yake. Kaka yake aliangalia sakafu, kisha akainua kichwa. "Mke wangu ndiye anayejua," alisema.

"Yuko wapi?"

Fundi rangi alichukua kofia yake akatoka kwenda kumfuata mkewe.

Mkamwana alikuja na aproni bado imelowa tumboni. Koridoni hakukaa. Alisimama hatua tatu mbali na wifi yake.

"Kikapu nimekiacha kazini," alisema. "Kama mlikuwa mnakihitaji."

Dada Mkubwa aliushusha mkoba kutoka kifuani. Mtu aliyezoea kusahihisha makosa ya wengine hajui pa kuanzia kwenye yake.

"Hatujui nani alichukua herini," alisema. "Huenda hakuna aliyechukua. Tulikupekua bila kujua."

"Sema tena. Wagonjwa wa benchi lile hawajasikia. Jirani yetu siku ile alisikia vizuri."

Akasema tena, kwa sauti. Wagonjwa wa benchi wakawa wanasoma mabango ya chanjo.

"Na mimi..." alianza fundi rangi.

"Wewe tutazungumza, si hapa. Na kabla sijakanyaga nyumba ile, makufuli yatoke."

"Yanatoka leo," Dada Mkubwa alisema, akaanza kuvua funguo shingoni pale pale.

Ndani, peke yake na Sista, mkamwana aliketi ukingoni mwa kiti.

"Mama anasahau kidogo tu," alisema. "Ni uzee. Nisimseme sana."

Sista aliweka kalamu chini. "Siku ile nilimsitiri mama, wewe ukafukuzwa. Utamsitiri nyumbani. Hapa niambie ilivyo."

Mkamwana alitazama mikono yake.

"Mwaka jana alinishonea blauzi," alisema. "Mikono yote miwili ilikuwa ya kushoto. Nilifumua mmoja, nikaushona upya mwenyewe, vibaya, nikaivaa. Nikamwambia imenikaa. Alifurahi sana."

"Ulimwambia nani?"

"Nimwambie nani, Sista? Kwamba fundi wa miaka arobaini kashindwa mkono wa blauzi?"

Kisha akasema yote: vifungo anavyomfunga kila asubuhi huku akijifanya anamsalimia, jiko analolizima nyuma yake, njia ya dukani ambayo mama huiulizia kama utani. Sista aliandika hadi nafasi ikaisha, akageuza fomu, akaandika nyuma yake. Hakuongeza neno wala kupunguza.

Walipotoka, Bi Fundi alikuwa kwenye benchi, mkoba wake mwenyewe magotini. Alimtazama mkamwana kutoka juu hadi chini.

"Huyu ndiye wa herini."

"Mama, twende nyumbani," mkamwana alisema.

Bi Fundi alifikiri. "Twende. Lakini wewe tangulia. Nikuone mikono."

Koridoni watu walikuwa wanatazama, na safari hii hawakujisumbua kujificha. Mkamwana alisita. Kisha akatangulia, mikono ikiwa mbali kidogo na mwili, viganja wazi, na nyuma yake zikafuata hatua fupi za mzee aliyeshikwa na mwanawe. Dada Mkubwa alibaki amesimama. Akamtupia kaka yake mkoba wake, akampita mama yake kwa haraka hadi akawa sambamba na wifi yake, naye akaining'iniza mikono yake vivyo hivyo, viganja wazi.

"Wote wawili!" Bi Fundi aliita kutoka nyuma. "Nawaona!"